Ampu mbili au tatu kwenye gari moja: waya mmoja mnene, kila ampu na waya wake, au betri ya pili?

Ampu (amplifaya, kile kiboksi kinachokuza sauti kabla ya kufika kwenye spika) ya kwanza haina maneno mengi. Unanunua seti ya waya dukani, fundi anapitisha waya mmoja kutoka kwenye betri mpaka kwenye buti, anaweka fyuzi, anafunga ethi (waya wa hasi unaoshikwa kwenye bodi ya gari), muziki unalia. Kasheshe inaanza siku unataka ya pili, tuseme ya spika za milango wakati ile ya kwanza inasukuma sabufa (spika ya besi), hapo kila fundi utakayemuuliza ana jibu lake na anakuapia kabisa ndo lenyewe. Mmoja anasema ongeza waya mwingine toka betri. Mwingine anasema ng'oa huo uliopo weka mnene ugawe huko huko nyuma. Wa tatu anakwambia we nunua betri ya pili uachane na presha. Na wote watatu wanaweza kuwa sahihi, inategemea gari ni lipi na muziki unausikilizaje, kwa hiyo nimezipima hizi njia tatu kwa mizani moja ili ukienda kwa fundi uende ukijua unataka nini.

Tuchukue gari moja la mfano tulitumie mwanzo mpaka mwisho, maana bila namba hii mada inakuwa porojo. Gari dogo la kawaida, Toyota IST au Vitz, betri iko mbele kwenye injini, ampu ziko kwenye buti, na waya ukifuata njia yake vizuri chini ya kapeti ni kama mita 5. Ampu ya kwanza ni ya sabufa, klasi D, wati 1000 RMS (yani nguvu ya kudumu, sio ya kilele). Ya pili ni ya chaneli 4, klasi AB, wati 75 mara nne, jumla 300. Klasi D haipotezi umeme mwingi kwenye joto, kama asilimia 80 hivi ya kinachoingia kinatoka kama muziki, klasi AB ni kama 55 tu, ndo maana zile zinachemka mpaka huwezi kuweka mkono. Sasa kwenye volti 13.8 ile ya sabufa ikipigwa mpaka mwisho inakula ampea kama 90, ile ya chaneli 4 inakula kama 40. Jumla 130. Shika hiyo namba.

Kabla ya kulinganisha, vigezo. Mimi naangalia vitano. Kwanza volti zinazofika kwenye ampu muziki ukiwa juu, hiki ndo kikubwa kuliko vyote. Pili usalama, yani waya ukichubuka ukagusa bodi nini kinatokea. Tatu gharama pamoja na kazi ya kufunga. Nne kelele, ule mlio wa wiiii unaopanda ukikanyaga mafuta. Tano, siku mfumo ukizima ghafla unatafutaje tatizo, na ukitaka kuongeza kitu mbeleni inakuwaje.

Kwa nini volti nazipa uzito hivyo? Kwa sababu ampu nyingi za bei ya kawaida nguvu yake inashuka haraka kuliko volti zenyewe. Ampu inayotoa wati zake zote kwenye 14.4, ukiilisha 12.5 unabaki na robo tatu tu ya nguvu, robo nzima imeondoka na hela uliyolipia. Alafu ukiona besi haitoshi unapandisha geini (kile kitufe cha ukuzaji kwenye ampu), ampu inaanza kukata mawimbi, na mawimbi yaliyokatwa ndo yanayounguza koili ya sabufa na kumaliza twita (spika ndogo za sauti za juu). Watu wengi wanalaumu spika feki wakati shida ilianzia kwenye waya.

NJIA YA KWANZA: waya mmoja mnene, unagawa huku nyuma

Hapa unatoa waya mmoja mkubwa kwenye betri, fyuzi kubwa karibu na betri, unafika nao nyuma kwenye bloku ya kugawia, kile kiboksi chenye tundu moja kubwa la kuingilia na tundu ndogo za kutokea, kila ampu inachukua chake pale. Bloku nzuri ni ile yenye fyuzi ndani yake.

Volti. Kila kitu kinategemea unene, na hapa ndo watu wanapigwa. Unene unapimwa kwa geji, na namba ikiwa ndogo ndo waya mnene zaidi. Waya wa geji 4 wa shaba tupu, mita 5, ukipitisha ampea 130 unapoteza kama volti 0.5 njiani. Geji 2 unapoteza kama 0.33. Geji 0 unapoteza 0.2 tu. Na hapo nimehesabu upande wa moto (chanya) peke yake, ethi bado. Kwa hiyo waya mmoja ni njia safi sana mradi uwe mnene kweli, ukichukua geji 4 ile ya ampu ya kwanza ukaigawa mara mbili kwa sababu "bado ni mzima" utajibana mwenyewe. Kitu kingine ni kwamba ampu zote zinanywa kwenye bomba moja, sabufa ikipiga teke volti zinashuka kwa wote, hata ile ya milango inayumba kidogo. Kwenye geji 0 hulisikii hilo. Kwenye geji 4 unalisikia, sauti ya mwimbaji inazama kidogo kila besi ikidondoka.

Usalama ni mzuri kama fyuzi zipo sehemu zote mbili. Ile ya mbele inalinda waya mnene, na hili naomba lieleweke, fyuzi kubwa kazi yake ni kuulinda waya, ampu ina fyuzi zake mwilini. Inatakiwa ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, maana kipande chote kilichopo kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote, kikigusa bodi kinaungua na hakuna cha kukizima. Na pale nyuma waya ukishapungua unene kwenda kwenye ampu lazima kuwe na fyuzi ya saizi ya ule mwembamba. Fyuzi ya 150 haiwezi kulinda geji 8, waya utayeyuka fyuzi ikiwa inaangalia.

Gharama na kazi: waya mnene unauma bei kwa mita, ila unanunua mita 5 tu, na tundu la kupita kwenye bati la kutenganisha injini na ndani ni moja. Shida ni unene wenyewe, geji 0 ni kama kidole gumba, kwenye IST kuupitisha pale chini ya usukani ni kazi ya asubuhi nzima, na usikubali fundi aupitishe kwenye tundu bila raba, ile mtikisiko ya barabara zetu inaukata taratibu.

Kelele ni nadra, kwa sababu ampu zote ziko pamoja na ethi zake zinaweza kushuka sehemu moja. Kutafuta tatizo ni rahisi pia, ampu zote zimezima kwa pamoja basi ni fyuzi ya mbele au waya mkuu, imezima moja basi ni pale kwenye bloku. Kuongeza ampu ya tatu ni kuchomeka tu kama ulinunua bloku yenye nafasi.

Inamfaa nani: mtu ambaye ampu zake zote ziko sehemu moja na anajua ataendelea kuongeza.

NJIA YA PILI: kila ampu na waya wake toka betri

Hii inadharauliwa bure. Watu wanaiona ya kishamba kwa sababu betri inakuwa na waya nyingi, ila kimahesabu imesimama.

Volti: ile ya sabufa ukiipa geji 4 yake peke yake, ampea 90 kwa mita 5, unapoteza kama 0.37. Ile ya chaneli 4 ukiipa geji 8, ampea 40, unapoteza kama 0.4. Linganisha na ile 0.5 ya kugawa geji 4 moja, hii imeshinda, imezidiwa na geji 2 na geji 0 tu. Na faida yake ya pekee ni kwamba mpigo wa sabufa haupiti kwenye waya wa spika za milango kabisa, sauti za juu zinatulia. Bado zote zinakutana kwenye betri, kwa hiyo betri ikichoka zinachoka wote, ila njiani hazigombani.

Usalama uko sawa, kwa sharti kila waya uwe na fyuzi yake mbele karibu na betri. Fyuzi ya 100 kwa ile geji 4, ya 40 au 50 kwa geji 8. Nimeshaona gari ambalo waya wa pili uliongezwa haraka haraka ukafungwa moja kwa moja kwenye terminali, fyuzi ikawekwa nyuma pembeni ya ampu "kwa sababu kule mbele hakuna nafasi". Ule waya ulichubukia kwenye reli ya kiti. Bahati ilikuwa mchana, gari limepaki, mwenyewe yupo karibu akasikia harufu ya plastiki akakimbilia kuchomoa betri. Kapeti lilikuwa limeshatoboka. Fyuzi iliyokuwa kule nyuma ilikuwa nzima kabisa, maana umeme haukuifikia.

Kingine cha usalama ni hapo kwenye betri yenyewe. Magari madogo ya Kijapani mengi yanakuja na betri za vichwa vyembamba, sasa ukipanga lagi (zile pete za mwisho wa waya) mbili tatu juu ya bolti ya terminali moja ndogo, pamoja na waya wa gari lenyewe, nati haikai, inalegea, inachemka, na siku moja gari haliwaki unafikiri betri imekufa. Kama unaenda njia hii nunua terminali yenye tundu kadhaa, na uhakikishe ni ya kichwa chembamba, ile ya kichwa kinene itazunguka tu hata ukaze vipi.

Gharama inadanganya. Kama waya wa ampu ya kwanza upo tayari na ni mzima, hii ndo njia ya bei rahisi kuliko zote, unanunua geji 8 na fyuzi moja umemaliza. Kama unaanza sifuri, mita 10 za waya, fyuzi mbili na tundu mbili za kupita, inakaribiana na njia ya kwanza. Ampu tatu na kuendelea inakuwa fujo, usifanye.

Kelele, hapa ndo udhaifu wake unapojitokeza, sio kwa sababu ya waya wa moto bali kwa sababu watu wanaochagua njia hii mara nyingi wanaweka ampu sehemu tofauti, moja chini ya kiti na nyingine kwenye buti, na kila moja inafungwa ethi pale ilipo. Ethi mbili sehemu mbili za bodi hazina volti sawasawa, tofauti kidogo tu inatosha kuingia kwenye waya za RCA (zile zinazoleta sauti toka redio) na unapata ule mlio wa alteneta. Ukiweza zirudishe ethi zote sehemu moja.

Kutafuta tatizo ni raha, kila ampu inajitegemea, moja ikizima nyingine inakupeleka nyumbani.

Inamfaa nani: mwenye ampu mbili tu, hasa zikiwa zimekaa sehemu tofauti, au mwenye mfumo unaofanya kazi vizuri anaongeza kadogo na hataki kuanza upya.

NJIA YA TATU: betri ya pili kwenye buti

Hapa lazima niende taratibu kwa sababu ndo njia inayouzwa kwa maneno mengi kuliko zote. Unaweka betri nyingine nyuma karibu na ampu, unaiunganisha na ya mbele kwa waya mnene kupitia izoleta, yani rilei (swichi ya umeme) kubwa inayofunga ukiwasha gari na kuachia ukizima, ili muziki ukimaliza betri ya nyuma ile ya mbele ibaki na moto wa kuwashia.

Volti zake zina sehemu mbili. Umbali kutoka betri hadi ampu unakuwa nusu mita badala ya 5, kwa hiyo ule mpigo mkubwa wa besi haupiti njia ndefu tena. Hapo safi. Ila betri ya risasi na asidi ikiwa imejaa na imetulia ina kama volti 12.6, wakati gari likiwaka alteneta inatoa 13.8 mpaka 14.4. Betri haiwezi kutoa umeme wa maana mpaka volti za mfumo zishuke karibu na zake, kwa hiyo gari likiwa linaunguruma betri ya pili haizuii volti kushuka toka 14 kuja 12.8, inazidaka zikifika pale. Mtu aliyeambiwa "weka betri ya pili taa hazitazimika zimika" anaweza kuweka na taa zikaendelea kupepesa, na hajatapeliwa betri, katapeliwa maelezo.

Na betri haizalishi umeme, inatunza. Kila ampea iliyotoka itarudishwa na alteneta ile ile. Turudi kwenye IST yetu: gari dogo alteneta yake tuseme ni ampea 80 (soma kibandiko chake, usiamini mtu), gari lenyewe usiku na AC, taa, pampu ya mafuta na feni linakula 35 hivi, zinabaki 45. Muziki hauli zile ampea 130 muda wote, nyimbo za kawaida wastani wake ni kama theluthi ya kilele, yani 43. Unaona tulivyo ukingoni? Na hiyo 80 ni injini ikiwa imechanganya. Ukiwa umesimama kwenye foleni ya Mwenge au Tabata Relini alteneta inaweza kuwa inatoa nusu ya hapo, ina maana saa nzima ya foleni unakula akiba, na betri mbili zilizoliwa zinahitaji muda mrefu zaidi kujaa kuliko moja. Ndo maana nasema hizi njia tatu zote zinagawa na kutunza tu. Kama tatizo lako ni uzalishaji, dawa ni alteneta kubwa au muziki mdogo.

Inapong'aa kweli ni gari likiwa limezimwa. Beach, kwenye shughuli, kwenye gari la matangazo linalosimama sokoni. Hapo hakuna njia nyingine kati ya hizi inayoifikia.

Usalama unahitaji umakini kuliko njia zote. Waya unaounganisha betri mbili una umeme kwenye ncha zote mbili, kwa hiyo unataka fyuzi mbili, moja kila upande, na mafundi wengi wanaweka ya mbele tu. Betri ya maji inapochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, na buti la IST au Noah ni chumba kimoja na abiria, kwa hiyo ndani ya gari ni betri iliyozibwa tu, AGM, na ifungwe kwa mkanda wa chuma kwenye bodi. Betri ya kilo 15 au 20 ikiruka kwenye ajali inamfuata aliyekaa kiti cha nyuma. Lithiamu za LiFePO4 ni nyepesi na volti zake zinakaa juu kidogo, ila zinataka mfumo wake wa kuzilinda na chaji inayozifaa, kuichomeka tu pamoja na ya kawaida kienyeji sishauri.

Gharama ndo kubwa kuliko zote: betri, izoleta, waya mnene ule ule wa njia ya kwanza, fyuzi mbili, na bado unahitaji bloku ya kugawa pale nyuma. Kazi ni ya siku nzima. Na baada ya miaka michache unanunua betri mbili, sio moja.

Kelele hazina tofauti na njia ya kwanza. Kutafuta tatizo kunaongezeka ugumu, izoleta ikifa ikiwa imeachia betri ya nyuma inaisha kimya kimya wiki nzima, ikifa ikiwa imeganda asubuhi gari haliwaki. Magari mapya yana kitu kingine, kompyuta ya gari inapunguza chaji makusudi kuokoa mafuta, na izoleta zile zinazojiwasha kwa kusoma volti zinachanganyikiwa. Ukiona kuna kidude cha plastiki chenye waya kwenye terminali ya hasi ya betri, hicho ndo kinapima, ethi yoyote unayoongeza ifunge kwenye bodi, usiipeleke moja kwa moja kwenye kichwa cha betri ukakiruka.

Inamfaa nani: anayepiga muziki gari likiwa limezimwa, au mwenye mfumo mkubwa ambaye alteneta ameshaishughulikia.

Kuna mtu ataniuliza kapasita, kile kidude cha kutunza umeme kidogo kwa muda mfupi, je? Ile ya farad 1 yenye taa za bluu. Volti zikishuka kutoka 14.4 hadi 13.4 inatoa jouli kama 14. Ampu yetu ya sabufa kwenye kilele inavuta wati 1250, kwa hiyo jouli 14 zinaisha ndani ya kama sekunde 0.011. Mpigo mmoja wa besi ni mrefu kuliko hapo mara nyingi. Hiyo hela ongezea kwenye unene wa waya. Na ile ya kuruka kutoka ampu moja kwenda nyingine, yani ampu ya pili inachukua moto kwenye terminali ya ya kwanza, inawezekana kama ya pili ni ndogo sana na waya mkuu unabeba zote, ila ile skrubu ya ampu haikutengenezwa kushika waya mbili, inalegea. Bloku ni bei ndogo.

Sasa mambo ambayo hayajali umechagua njia gani. Ya kwanza ni waya wenyewe. Madukani, Kariakoo kumejaa, seti nyingi za bei poa ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Kwa unene uleule inapitisha umeme kama asilimia 60 na kidogo ya shaba tupu, kwa hiyo ile 0.5 ya geji 4 inakuwa kama 0.85. Zingine hata unene si wenyewe, ganda la plastiki ni nene waya ndani ni mwembamba. Kwangua nyuzi kwa kisu, shaba ni nyekundu mpaka ndani, alumini inang'aa nyeupe. Sio lazima uikatae, ila ukiinunua panda saizi moja juu na usiiwekee fyuzi ya saizi inayowekwa kwenye waya wa shaba wa geji hiyo. Kumbuka geji 4 ya kweli ni milimita za mraba 21, geji 0 ni 53, nenda hata kwenye duka la waya za kuchomelea ukawaulize wana milimita ngapi, mara nyingi ile ni shaba safi na inalainika vizuri.

Ya pili ni ethi. Unene uleule wa waya wa moto, fupi, chini ya nusu mita kama ampu ziko pamoja, rangi ikwanguliwe na msasa mpaka bati jeupe, bolti yenye nati kabisa sio skrubu ya bati. Bolti za mkanda wa kiti usizitumie. Na mbele kule ongeza waya mnene kutoka hasi ya betri kwenda bodi, injini kwenda bodi, na alteneta kwenda chanya ya betri, huu wa mwisho na fyuzi yake. Ile waya ya kiwandani iliwekwa kwa ajili ya taa na starta, haikumtarajia sabufa wa wati 1000. Kwa hela ndogo hii kazi inasaidia njia zote tatu, na mimi ningeifanya kabla ya kufikiria betri ya pili.

Ya tatu, waya wa rimoti, ule mwembamba unaotoka redioni kuiwasha ampu. Redio nyingi zinaweza kuwasha ampu moja au mbili, ya tatu ukiining'iniza hapo hapo pamoja na feni unaweza kuua ile njia ya redio. Weka rilei ndogo ya pini nne, redio iwashe rilei, rilei iwashe ampu zote.

Na kwa wenzetu wenye mabasi, Coaster, Rosa, zile Isuzu zinazojengwa kuwa matatu Nairobi. Mengi ya hayo ni volti 24, betri mbili zimefuatana, na ampu za gari ni volti 12. Kuchukua moto kwenye betri moja kati ya zile mbili ni kosa linalofanyika kila siku, ile moja inanyonywa, mwenzake inachajiwa kupita kiasi, zote zinakufa mapema. Hapo unahitaji kibadilisha volti chenye ampea za kutosha, au kisawazisha betri, ndo uje kwenye swali la waya. Hiace nyingi ni volti 12, hizo endelea kama kawaida.

Sasa kwa hali yako.

Una gari dogo, ampu mbili, jumla haifiki wati 600 RMS, unasikiliza ukiwa unaendesha: njia yoyote kati ya mbili za kwanza. Kama waya uliopo ni mzima ongeza wa pili wenye fyuzi yake. Kama unaanza leo piga mmoja wa geji 4 shaba tupu na bloku. Au fikiria ampu moja ya chaneli 5 inayofanya kazi ya zote mbili, unaondokana na mjadala mzima.

Mfumo kama ule wa mfano wetu, wati 1300: waya mmoja geji 0, au geji 2 kama buti liko karibu, bloku yenye fyuzi, na ile kazi ya waya tatu za mbele. Ukiwa mtu wa foleni ndefu usiku na AC, ulizia alteneta kabla ya betri.

Ampu moja iko chini ya kiti nyingine kwenye buti: kila moja na waya wake, ethi zirudi sehemu moja.

Unapiga gari likiwa limezimwa, shughuli au matangazo: betri ya pili AGM na izoleta, fyuzi pande zote mbili. Matangazo ya kutwa nzima tafuta jenereta, betri haitafika jioni.

Na kama tayari una mfumo na hujui uanzie wapi, azima mita ya kupima volti kwa fundi. Weka ncha zake kwenye terminali za ampu, gari likiwaka, wimbo wenye besi, sauti pale unapopendaga. Alafu fanya hivyo hivyo kwenye kichwa cha betri mbele. Betri ikisoma 13.8 na ampu 12.6, hela yako ipeleke kwenye waya na ethi. Zote mbili zikisoma 12.4, waya wako hauna shida, nenda kaangalie alteneta.